Viatu vya Jiliwa

Nyumbani kwetu jiliwa lilivaa viatu kabla sisi watoto hatujavaa. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Watoto wengi wa Lushoto wa rika langu walikwenda shule miguu mitupu kwenye baridi ya Juni na wakakua. Nasema hivi kwa sababu ndivyo baba alivyopanga mambo yake: kwanza dhahabu ya watu, halafu sisi.

Baba alikuwa sonara, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, si mbali na soko. Wakulima waliouza kabichi na viazi vyao vizuri walipita kwake kabla ya kupanda gari la kurudi vijijini, wakaagiza hereni za binti anayeolewa au bangili ya mama. Vito vilitoka bondeni, Umba, vikiletwa na wachimbaji waliokuwa wakitetemeka kwa baridi yetu na kutulaani kimoyomoyo. Lakini kitu ambacho baba hakuruhusu mtu akiguse bila ruhusa hakikuwa dhahabu wala kito. Kilikuwa jiliwa, kile chuma kizito kilichofungwa ukingoni mwa meza, chenye mataya mawili yanayobana kitu kadiri unavyozungusha mkono wake.

Fundi baiskeli analo, seremala analo, na wao hawana shida nalo. Shida ni yetu masonara. Mataya ya jiliwa yana meno, yaani vijiraba, miraba midogo midogo iliyochongwa kwenye chuma ili kitu kisichoropoke. Dhahabu ni laini. Ukiibana humo mara moja tu inatoka na alama za meno yale, na alama hizo hazifutiki mpaka uile dhahabu yenyewe kwa tupa. Kwa hiyo lazima mataya yafunikwe. Wengine wanafunika kwa kitambaa, wengine kwa kipande cha mpira wa gurudumu, wengine kwa bati la shaba. Sisi tulifunika kwa ngozi, na vifuniko hivyo tuliviita viatu. Baba hakuanza kazi yoyote ya kutia nakshi wala kukaza kito kabla hajasema, "Livisheni."

Aliyeshona viatu hivyo alikuwa mdogo wangu wa kike. Tumepishana miaka miwili. Ngozi aliipata kila Idi ya kuchinja. Watu wanajua kwamba ngozi ya mnyama wa Idi haiuzwi na wala halipwi nayo mchinjaji, kwa hiyo nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa hazijui la kufanya nayo baada ya nyama kugawanywa. Mdogo wangu alipita akizikusanya, kajifunga kanga kifuani na nyingine kichwani, na watu wakampa huku wakimcheka. Alizikwangua kwa kisu butu, akazilowesha siku nyingi kwenye maji ya magome ya miti ya miwati mpaka ua wote ukanuka, na mama akagomba, na majirani wakagomba. Kisha alizikausha kivulini, akazisugua kwa mafuta, akakata.

Nataka kusema jinsi alivyokata, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kusema. Kabla yake baba alifunika mataya kwa ngozi akiweka upande wa manyoya nje, ule ulio laini na unaong'aa, maana ndio unaopendeza. Mdogo wangu akiwa na miaka kumi na tano hivi aliugeuza. Aliweka nje upande wa nyama, ule wenye vinyuzinyuzi. Baba akamuuliza kwa ukali nani kamtuma. Akajibu, shikamoo bado iko mdomoni, kwamba upande laini unateleza, na kitu kikiteleza fundi anakaza zaidi, na akikaza zaidi anaumiza. Upande wa nyama unashika bila kukazwa. Baba alibana bangili, akaivuta kwa vidole, haikutoka. Hakusema ahsante. Ila tangu siku ile hakufunika jiliwa kwa namna nyingine. Ndani ya ngozi mdogo wangu alikunja kibati cha shaba kilichong'ang'ania taya kwa nyuma, na ukingoni alishona kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Mishono yake ilikuwa midogo, sawasawa, yote imelalia upande mmoja.

Mimi nilikuwa mezani na baba nikitazama tu. Baba alikuwa amenipa kalamu ya chuma, ile ya kuchorea nakshi, miaka miwili kabla ya hapo, kwa sababu nilikuwa mwanawe wa kiume na hakuna aliyeuliza swali lingine. Majani yangu yalifanana na minyoo. Baba alinipa vipande vya shaba nichoree, akavitazama, akavitupa kwenye debe la vyuma chakavu, na mlio wa debe uliniuma kuliko kofi. Mdogo wangu aliviokota kwenye debe na kuchora upya nyuma yake kwa msumari aliounoa. Siku moja baba akaokota kimoja. Alikaa nacho dirishani muda mrefu. Jioni ile, wakati tunakula, alisema mbele yetu sote, "Idi ikipita utakaa mezani. Utashika kalamu."

Alikuwa anamwambia yeye. Mama aliacha kutafuna. Katika Lushoto yote hatukuwahi kuona mwanamke anayetia nakshi kwenye dhahabu. Mdogo wangu aliendelea kuokota mchuzi kwa tonge, ingawa mchuzi ulikuwa umekwisha sahanini. Nami nilimchukia. Ni afadhali niliseme hapa wazi, maana nimelizungukia miaka mingi: nilimchukia mdogo wangu kwa sababu alikuwa hodari.

Vijana wenzangu wa sokoni walipata habari, sijui kutoka wapi. Wakaanza kunitania kwamba mimi ni fundi ambaye hawezi kubana kitu mpaka dada amvishe viatu. Utani wenyewe ulikuwa wa kawaida, wa kucheka na kupita. Mimi haukunipita.

Wiki mbili kabla ya Idi alikuja mjane kutoka Rangwi. Alikuwa mama mtu mzima, Mkatoliki, rozari shingoni, na alifungua leso yake pembe baada ya pembe mpaka ikatokea pete. Ilikuwa pete nyembamba ya dhahabu yenye kito chekundu cha Umba, na kila upande wa kito jani moja, na chini ya kila jani herufi moja. Baba aliitambua, maana aliitengeneza yeye mwenyewe, mume wa yule mama alipokuwa bado kijana. Herufi moja ilikuwa ya mume na nyingine ya mke. Mume alikuwa amezikwa miezi michache kabla ya hapo. Kucha moja kati ya zile zinazoshika kito ilikuwa imekatika, na kito kilicheza kama jino la mtoto.

Baba aliunga kucha mpya siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi kilichobaki kilikuwa kidogo tu, kukibana kito mahali pake na kulaza kucha zote juu yake. Mjane alikuwa sokoni akisubiri, gari la kwao lingeondoka alasiri. Baba akaweka pete kwenye kisahani, akachukua kofia yake na kusema, "Nikitoka msikitini nitakimalizia. Asiiguse mtu." Kisha akaniuliza mbona sivai kanzu. Nikamwambia tumbo linanisokota.

Tumbo lilikuwa zima. Nilitaka kukaza kile kito mimi mwenyewe, kabla hajarudi, ili akute kazi imekwisha na aone kwamba mezani tayari kuna mtu. Nilitia komeo mlangoni, maana kufanya kazi wakati wa khutba ni aibu ambayo jirani yeyote angemfikishia baba kabla ya salamu. Kisha nikageukia jiliwa nikakuta liko miguu mitupu. Viatu havikuwapo. Mdogo wangu alikuwa amevichukua kwenda kuvishona upya, kama alivyofanya kila mwezi, na wakati ule alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba ileile. Zilikuwa hatua ishirini. Ningekwenda nikasema, nipe viatu, angenipa.

Lakini angeniuliza mbona siko msikitini. Na ningelazimika kumwomba. Ndani ya kopo moja chini ya meza mlikuwa na jozi ya zamani, aliyoiacha, imekauka na kukakamaa. Niliitazama. Nikasikia vicheko vya vijana wa sokoni, nikaona nitabana kidogo tu, kwa upole, nani atajua. Nikabana pete ya mjane kwenye meno matupu.

Nilipolaza kucha ya kwanza pete ilicheza, nikakaza kidogo. Ya pili ikacheza, nikakaza tena. Kito kilikaa vizuri, hilo niliseme. Kilikaa vizuri kabisa. Nikafungua jiliwa, nikaitoa pete na kuileta dirishani, nikaona vijiraba. Vilikuwa vimejipanga kwenye majani ya pande zote mbili, vidogo, safi, vimezama. Kwenye herufi ya mume vilikuwa vimezama zaidi, kwa sababu upande ule dhahabu ilikuwa imelika kwa miaka ya kuvaliwa.

Sikulia. Nilichofanya ni kwamba nilitoa ile jozi ya zamani kwenye kopo nikalivisha jiliwa, kimoja nikakikalisha sawa, kingine nikakipindisha pembeni kama kilichohama. Nililifanya hilo bila kutetemeka, na ndiyo kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka ule.

Baba alirudi akinukia udi. Nilimwambia kabla hajavua kofia. "Nilijaribu kukusaidia. Viatu vya huyu binti yako vimeteleza." Akaichukua pete na kuiweka chini ya lenzi. Aliitazama upande huu, akaigeuza, akaitazama upande ule. Aliitazama muda mrefu sana. Kisha akatazama jiliwa, akanitazama mimi, na akamwita mdogo wangu.

Alikuja na viatu vyenyewe mkononi, sindano inaning'inia kwenye uzi, mshono haujaisha. Baba aliviona. Nilimwona akiviona. Nikasema haraka kwamba nilitumia ile jozi nyingine, na hiyo pia kaishona yeye. Mdogo wangu alitazama kile kiatu kilichopinda. Alinitazama machoni. Nyumbani kwetu mdogo hamwiti mkubwa wake mwongo mbele ya baba, na yeye alikuwa amelelewa vizuri kuliko mimi. Alisema tu, "Baba, hiyo jozi sikuitoa itumike."

"Lakini uliishona wewe," baba akasema.

"Niliishona mimi."

"Basi. Kuanzia leo usiingie humu. Na habari ya kalamu tuiache. Kazi ya dhahabu si ya mwanamke."

Aliviweka vile viatu mezani, sindano ikiwa bado imening'inia, akatoka. Baba akakaa na tupa mpaka mjane alipokuja. Alikula vijiraba vyote, na pamoja navyo aliyala majani na herufi ya mume. Pete ilibaki inang'aa, nyembamba kama ukucha. Mjane aliivaa, akaizungusha kidoleni akitafuta, akaizungusha tena. "Yake haipo," akasema. Baba akamwomba radhi. Mjane akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani aliyefanya.

"Binti yangu," baba akajibu.

Yule mama akasema basi, ni bahati mbaya, na akashukuru. Alishukuru kweli, kisha akaenda kupanda gari lake. Habari ikafika Rangwi siku ileile, na kutoka Rangwi ikatembea.

Mwaka uliofuata mdogo wangu aliolewa Mlola. Mume wake ni mtu mwema, analima kabichi na maharage, na sijasikia kwamba alimpiga wala kumnyima. Lakini habari ya pete ilimtangulia. Mawifi zake walimpa jina, Mtafuna Pete. Sufuria ikianguka, Mtafuna Pete huyo. Kikombe kikivunjika, Mtafuna Pete. Hata kwenye sherehe zetu wenyewe, Idi na harusi, kulikuwa na mtu wa kuikumbusha, na watu walicheka, na yeye alicheka nao, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo natafuna pilau. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kufungua mdomo. Nilikuwa na Idi zaidi ya arobaini, ndogo na kubwa. Nikajikausha zote.

Nami nikawa sonara. Si mbaya, si mzuri. Minyoo ilianza kufanana na majani kidogo kidogo. Kwa viatu nilihangaika. Nilijaribu kushona mwenyewe vikawa vinene upande mmoja, nikajaribu mpira, nikajaribu kitambaa cha koti, na mwishoni niliagiza kwa simu viatu vya plastiki kutoka duka moja la Dar es Salaam, vyekundu, vyenye sumaku nyuma, vinavyojishika vyenyewe kwenye taya. Vilipofika nilifurahi. Mtu akiniuliza kwa nini nilifurahi hivyo kwa vipande viwili vya plastiki, jibu ni kwamba havikushonwa na mtu yeyote ninayemjua.

Mama alifariki. Kisha baba akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ulikufa, ulimi ukawa mzito, lakini akili ilibaki palepale, kali kama zamani, na hilo lilituumiza zaidi kuliko kama angepotewa nayo. Mke wangu alimhudumia siku zote za wiki bila kunung'unika, ila baba alikula vijiko viwili vitatu na kufunga mdomo. Jumapili alikula bakuli zima. Jumapili mdogo wangu alikuwa anakuja kutoka Mlola na maziwa kwenye dumu, anawasha moto, anapika uji mwepesi, anakaa kwenye kigoda mbele yake na kumlisha akimsimulia habari za shamba kwa Kishambaa. Aliipangusa midevu yake kwa upindo wa kanga. Alikuwa amekatazwa kuingia karakana, si chumba cha kulala.

Jumapili moja simu yake iliisha chaji, nikamwambia soketi nzima iko karakana tu. Alisita mlangoni. Mwanamke wa makamo, mama wa watoto wanne, akasita mlangoni mwa chumba cha nyumba aliyozaliwa, kisha akaingia. Akachomeka simu. Alipogeuka macho yake yakaangukia jiliwa, na viatu vyekundu. Alivigusa kwa kidole gumba, akakipitisha kidole polepole.

"Vinateleza," akasema.

"Kidogo."

"Kwa hiyo unakaza sana."

"Nakaza."

Akaendelea kuvitazama kidogo. Halafu akauliza bila kunigeukia, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Siku ile hukuvisha kitu, au siyo?"

Nilikuwa na majibu kumi niliyoyaandaa kwa miaka hiyo. Yote yakaniruka. "Hapakuwa na kitu," nikasema. "Yalikuwa meno matupu."

Akatikisa kichwa taratibu, kukubali. Hakushangaa. Nilitegemea angelia, au angenitukana, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili, hata nilivihitaji. Yeye akasema, "Kaka, sitaki uniombe radhi. Siitaki, nitaiweka wapi? Nataka umwambie baba. Kwa mdomo wako, kabla hajafa. Nataka ajue kwamba viatu vyangu havikuteleza."

"Nitamwambia."

"Umwambie, basi."

Ilinichukua Jumapili tatu. Kila alipokuja alinitazama mara moja tu, getini, akaona bado, akaenda kuwasha moto. Hakunikumbusha. Jumapili ya nne aliponisalimia, "Shikamoo, kaka," nilishindwa kuitikia. Nikaingia chumbani kwa baba wakati yeye anakoroga uji uani.

Baba alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mikono juu ya blanketi, ule mzima umeulalia ule uliokufa. Niliketi kwenye kigoda. Nikamwambia yote bila kuruka: tumbo, komeo, jozi ya kwenye kopo, kiatu nilichokipindisha. Nilimwambia kwamba mdogo wangu hakuwa na kosa hata moja na kwamba nilimwibia kalamu yake. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na nilikuwa najisikia vizuri, ile nafuu ya kipumbavu ya mtu anayejiona amekuwa mwema hatimaye.

Baba alikuwa ananitazama kwa uchovu. Maneno yalimtoka moja moja, mazito, lakini kila moja lilieleweka.

"Kiatu kikiteleza," akasema, "kinateleza kimoja. Upande mmoja unaumwa. Mwingine unapona." Akapumzika. "Pete iliumwa pande zote mbili."

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini. Ningeletewa pete ile leo na fundi mwingine, ningelijua hilo kabla hajamaliza sentensi. Sikuwahi kujiruhusu kulifikiria.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema.

"Siku ileile."

"Na ukamwambia yule mama ni binti yako."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Hakuwa amelala. "Yule angeweza kuishi popote," akasema. "Ana mikono. Ana akili. Ataolewa, atalima, ataishi. Wewe..." Akatafuta neno, na ulimi haukumzuia, naapa haukumzuia, alikuwa anachagua tu. "Wewe ungekuwa nani?"

Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo, na mzee akanirudishia na wa kwake juu yake. Nilimchukia kwa dakika chache, kisha nikaona sina hata haki hiyo, kwa sababu kila nilichokula tangu ujana wangu nilikula kwa hesabu ile yake. Alikuwa ameona vizuri. Aliona watoto wake wawili mmoja ana kipaji na mwingine hana, akampa kazi asiyekuwa nacho, na jina baya akampa mwenye nacho, maana yeye angelibeba.

Nilitoka uani. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuteremsha sufuria, anamimina uji kwenye bakuli, anaupuliza. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilimwona na uso wa mtu anayesubiri zawadi. Nilishindwa. Nilikuwa nimeamua njiani, katika hatua zile chache kutoka chumbani, kwamba ukweli huu siwezi kumpa. Huyu amempangusa mzee yule midevu kila Jumapili akiamini kwamba naye mzee alidanganywa kama wengine.

"Nimemwambia," nikasema. "Amesikitika sana. Amelia. Anakuomba radhi."

"Baba?"

"Ndiyo."

"Baba anaomba radhi?" Akaliweka bakuli kwenye jiwe. Aliniangalia kwa makini, jinsi alivyokuwa akiangalia mshono. Kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kaka, miaka yote hii na bado hujui kudanganya. Alisema nini?"

Nilitazama lile bakuli kwenye jiwe.

"Alijua," akasema.

Ningeweza kukataa. Nikasema, "Alijua."

Hakukaa chini wala hakushika kichwa. Alitazama moto, akausukuma ukuni mmoja ndani kwa mguu, akautoa tena kwa sababu hapakuwa na kitu tena jikoni cha kupika. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia siku ileile. Akaniuliza kama alisema kwa nini. Nikamwambia. Nilimwambia maneno ya baba yalivyokuwa, hata lile la mwisho juu yangu, maana nilidhani lingempoza. Halikumpoza.

Akafunga upya kanga yake ya kichwani. Akachukua dumu lake tupu la maziwa. Akaliinua bakuli kutoka kwenye jiwe, akaweka kijiko ndani, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mgeni.

"Leo mlishe wewe," akasema. Na akaenda stendi bila kuingia ndani kuaga.

Niliingia na bakuli. Baba alisikia hatua, akafungua macho, na alipoona ni mimi akatazama nyuma yangu, mlangoni. Nilikaa kwenye kigoda. Nilichota uji, nikaupuliza, nikaupeleka mdomoni kwake. Akaubana mdomo. Uji ukamwagika kwenye ndevu, nikaupangusa kwa mkono wa shati. Nilijaribu tena na tena.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nilimwambia amewahi gari. Akaendelea kutazama mlango, mdomo umebanwa, mkono mzima umeushika ule uliokufa. Uji ulikuwa unapoa na kutengeneza utando. Nikamwambia atarudi Jumapili, kama kawaida, na amesema nimsalimie. Hilo aliliamini. Akafungua mdomo.